Nyumba Isiyochimbiwa Shimo

Kutoka Kitale hadi Isebania ni safari ya kumaliza mgongo, hasa ukiwa na gari la vani ambalo lingekuwa mtu lingekuwa limeshaoa. Nililala Oyugis, nikapita Kisii asubuhi ukungu ukiwa bado juu ya migomba, nikashuka Rongo, Awendo, Migori, miwa pande zote mbili za barabara, na saa ya chakula cha mchana ilinikuta nimesimama kwenye uwanja mmoja nyuma ya maduka ya Isebania, karibu kabisa na mpaka, nikitazama karavani mbili zilizokuwa zinauzwa.

Mimi, kama hunijui, ni mtu wa njia. Natengeneza cherehani. Leo niko Bungoma, wiki ijayo Narok, na nimelala katika lojing'i za masoko mengi kiasi kwamba najua ni ipi yenye kunguni na ipi iliyoandika maji ya moto mlangoni bila kuwahi kuyachemsha. Mwaka huu nikachoka. Nikasema nitavuta kitanda changu mwenyewe nyuma ya gari, nilale juu ya godoro ninalolijua.

Karavani ya kwanza ilikuwa imeundwa na wachomeleaji wa Migori. Sanduku la mabati lenye magurudumu mawili, plaiwudi ndani, kitanda kimoja kilichofungwa kwa nati, basi. Nilipiga magoti nikatazama chini. Springi mpya, beringi mpya, nyepesi hata mtu mmoja angeisukuma. Ya pili ilikuwa nyeupe, ya watu waliozunguka nayo mpaka wakachoka wakaiuza. Ilikuwa na pembe za mviringo kama mkate, madirisha madogo yenye mapazia, jiko la gesi, bomba la maji, na meza ambayo ukivuta kipini inashuka na kuwa kitanda. Nilikanyaga sakafu karibu na mlango ikabonyea. Mbao zilikuwa zimeoza chini ya zulia. Springi ya kushoto ilikuwa imelala. Nilijua kabisa kwamba gari langu lingelia kwenye vilima vya Kisii likiivuta hiyo.

Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye kijiti mdomoni, aliyekuwa akibadilisha pesa pale mpakani kabla ya kuanza kuuza vitu vya magurudumu.

"Mzee, hiyo ya mabati ni ya kubeba mbuzi," akaniambia. "Hii nyeupe ndiyo nyumba. Bibi akiona hii hawezi kukuuliza ulilala wapi."

"Sina bibi."

"Si ndiyo nasema. Ukipita na hii, utapata."

Niliingia ndani ya ile nyeupe ili niitafutie makosa zaidi. Ilinuka gesi, plaiwudi yenye unyevu, na kitambaa kilichochomwa na jua miaka mingi. Nikakaa kwenye kiti chake chembamba, nikashika pazia. Na hapo, rafiki yangu, wivu ambao nilidhani niliuacha na meno yangu ya utoto ukanirudia wote, mbichi, kama vile mtoto mmoja wa msimamizi wa barabara, niliyemjua nikiwa mdogo, alikuwa amesimama mlangoni akiniambia nitoke.

Sisi kwa asili ni watu wa upande huohuo wa Isebania, lakini mimi sikulelewa huko. Nilikuwa bado nabebwa mgongoni baba alipotuhamishia ziwani, kijiji kilicho kati ya Homa Bay na Mbita. Tulisafiri juu ya lori la mahindi, mama akaniambia baadaye kwamba nililia mpaka Rongo kisha nikalala kama mtu aliyekubali. Baba alifuata taa. Alikuwa fundi wa karabai, zile taa za kupigwa pampu ambazo wavuvi wa omena walikuwa wakizielesha juu ya maji usiku ili dagaa wale waje kwenye mwanga. Kila asubuhi waliporudi, taa zilikuja kwetu zikiwa na masizi, zimeziba, nyingine zimevunjika vioo, na baba akazipanga ukutani kama wagonjwa wa zahanati. Kazi yangu ilikuwa kusugua vioo kwa majivu. Kazi ya dada yangu ilikuwa kuzibua vitundu kwa sindano nyembamba. Mafuta ya taa yaliingia katika kila kitu, hata uji wetu ulikuwa na harufu yake, na mpaka leo nikinusa mafuta ya taa huwa nasikia njaa.

Ardhi tuliyojenga haikuwa yetu. Ilikuwa ya nyanya mmoja mjane ambaye kijiji chote kilimwita Dani, ndiyo nyanya kwa Kijaluo. Alimwonyesha baba kipande kando ya boma lake, akamwambia ajenge, na hakudai kitu ila taa yake iwake. Mwanzoni alizungumza na wazazi wangu Kiswahili cha sokoni, kila upande ukiokota maneno unayoyaweza. Sisi watoto tulijua Kijaluo kabla hatujajua kwamba tumekijua. Tulicheza na wajukuu wake, tukachota maji naye, tukaanika omena kwenye nyavu kuukuu tukifukuza kuku. Wavuvi walimlaumu baba kila Ijumaa jioni kwa sababu sisi ni Wasabato na jua likizama hakugusa taa ya mtu, lakini ilikuwa lawama ya utani. Mimi nilidhani tuko kwetu. Hakuna aliyekuwa ameniambia vinginevyo.

Ndipo wakaja watengenezaji wa barabara. Trekta za kuparua zilitangulia, kisha malori ya changarawe, na nyuma yao pikapu moja ikivuta nyumba nyeupe. Nakwambia tulikimbia kijiji kizima. Msimamizi wa kazi akashuka, mtu mrefu wa maneno machache kutoka Nakuru, pamoja na mkewe na mtoto wa kiume wa rika langu, akamwomba Dani mahali pa kuegesha. Dani alikuwa akipembua mtama uani. Baba yangu alikuwa pale pia, amechuchumaa, akipiga pampu taa ya yule nyanya. Na mwana mkubwa wa Dani, ambaye hakupenda sana uso wa baba, akasema kwa Kijaluo, "Mama, kwani jadak mmoja hajatosha?"

Sikuwa nimelisikia neno lile likielekezwa kwetu. Jadak ni mtu anayekaa juu ya ardhi ya ukoo usio wake. Anaweza kukaa miaka, akazaa, akazeeka, lakini akiambiwa ondoka, anaondoka. Si tusi hasa. Ni kama kumwita mtu mfupi.

Dani hakuinua macho kwenye ungo. "Jadak ni mtu aliyechimba shimo la nguzo," akasema. "Huyu amechimba wapi? Nyumba yake imesimama juu ya mpira. Huyu ni mgeni."

Watu wakacheka, maana ilikuwa kweli. Mwana mkubwa mwenyewe akacheka. Baba aliendelea kupiga pampu, na taa ikaendelea kulia ule mlio wake wa pumzi, na mimi niliyesimama nyuma yake nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba nguzo za nyumba yetu, ambazo nilikuwa nikiziegemea kila jioni, ndizo zilizotutia jina.

Mgeni kwa watu wa ziwani ni kitu kikubwa. Jioni hiyo Dani alichinja kuku, akamkaribisha msimamizi na familia yake, na firigisi, ambayo kwao ni ya mtu wa heshima, ikaenda kwenye sahani ya msimamizi, naye akampa mwanawe. Nilimwona akiitafuna. Aliitafuna upande mmoja wa mdomo, akaniangalia, akaihamisha upande wa pili. Sisi tulikuwa tumekaa pale tangu nilipokuwa sijui kusimama na hakuna kuku aliyewahi kufa kwa ajili yetu.

Nikaanza kupima. Boma lile lilikuwa na watu wa aina tatu. Kulikuwa na wana na wajukuu wa Dani, ambao aliwafokea kutwa nzima; alikuwa na ulimi mkali, kila mmoja wao alikuwa jafuwo, mjinga, tangu chai ya asubuhi. Kulikuwa na wageni, waliochinjiwa. Na kulikuwa na sisi, tuliopewa heshima. "Karibu, fundi." "Asante, fundi." "Watoto wako ni wazuri, fundi." Dani hakuwahi kumfokea baba hata siku moja, hata alipochelewesha taa yake. Kabla ya hapo nilidhani sisi tuna bahati.

Mtoto wa msimamizi nilimchukia kwa bidii, na kila siku baada ya shule nilikuwa mlangoni kwake. Alinionyesha bomba lililotoa maji ukibonyeza kwa mguu. Alinionyesha kabati lenye vikombe vilivyofungwa kwa mkanda visianguke njiani. Alinionyesha ile meza, akavuta kipini ikawa kitanda, akairudisha, akaishusha tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama yake alikuwa akikaanga mayai kwenye jiko la gesi, na harufu ya mayai yale ikichanganyika na gesi mpya ilinifanya nione uji wetu kama adhabu.

"Na nyumba yenu huenda wapi?" akaniuliza siku moja.

"Haiendi."

"Haiendi hata Homa Bay?"

"Ni nyumba. Itaendaje?"

Akafikiri. Hakuwa akinidhihaki, na hilo ndilo lililoniuma. "Sasa mkichoka hapa?"

Nilirudi nyumbani nikazitazama nguzo zetu. Siku iliyofuata nikaokota matairi mawili yaliyoisha kando ya barabara, nikayaviringisha mpaka kwetu, nikayaegemeza kwenye ukuta wa udongo, moja kila upande, mahali ambapo gurudumu lingekaa. Nikayachimbia kidogo yasianguke. Kisha nikakaa mlangoni nikangoja, sijui nilingoja nini, labda kuku.

Mama alipoyaona aliuliza ni uchafu gani huo. Baba aliyatazama kwa muda, akatazama karavani ng'ambo ya ua, akacheka, kisha cheko lake likakatika akaenda kunawa mikono. Lakini Dani alipopita alisimama, akazunguka nyumba kama mnunuzi, akapiga tairi moja teke. "Fundi," akasema, "safari ni lini?" Wajukuu walianguka chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu ya baba. Wavuvi walipoleta taa walimuuliza safari ni lini. Mwalimu wetu alipopita na baiskeli aliuliza kama kuna nafasi. Baba alijibu kila mmoja kwamba anangoja kondakta.

Barabara ilipofika Mbita, karavani iliondoka. Iliondoka asubuhi moja kwa muda wa kunywa chai: wakafunga vikombe kwa mkanda, wakashusha mapazia, wakainua vichuma vya mbele ilivyosimamia, wakaunganisha na pikapu. Mtoto wa msimamizi alikaa dirishani, dirisha la nyumba yake mwenyewe, akatupungia mkono huku nyumba ikitembea. Pale ilipokuwa imesimama palibaki majani yaliyopauka ya umbo la mstatili. Hakuna kilichovunjwa. Wajukuu wa Dani walikimbia nyuma ya vumbi hadi kilimani. Mimi sikukimbia. Nilisimama kwenye ule mstatili nikauona ni mdogo sana kwa kitu kilichonikosesha usingizi namna ile.

"Mzee," muuzaji alinigongea dirisha huko Isebania, "umeshahamia?"

Ningekuwa na akili ningechukua ile ya mabati. Nimeishi kwa kutazama mashine chini na kujua kitakachovunjika; niliiona sakafu iliyooza, niliiona springi iliyolala, na gari langu nalijua. Lakini nilikuwa nimevuta kile kipini cha meza. Ilikuwa imeshuka ikawa kitanda, nikairudisha, nikaishusha tena. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Nikamwambia muuzaji aniletee jeki na mtu wa kuchomelea chuma cha kuvutia nyuma ya gari langu. Nilichagua kwa wivu, na niliyemwonea wivu ni mtoto ambaye sasa labda ana kitambi na wajukuu na hakumbuki hata rangi ya ile nyumba.

Sikwenda kazini kwangu. Nilirudi Migori, nikakata Rongo kuelekea Homa Bay, gari likinung'unika kila mlima, na kutoka Homa Bay nikashika njia ya Mbita ambayo siku hizi ni lami. Sijui nilitaka nani anione.

Boma lilikuwepo. Alinipokea mjukuu wa Dani, mmoja wa wale waliokuwa wakikimbia nyuma ya vumbi, ila alikuwa mdogo mno wakati ule kunikumbuka. Ni mtu wa kama miaka arobaini sasa, ana bodaboda mbili na shamba la mahindi. Alizunguka karavani akipigapiga ubavu wake, akachungulia ndani, akaita mkewe aje aone meza.

"Wewe mzee umetoboa," akasema. "Mimi hata nikitaka kwenda harusi Kisumu, nani atabaki na ng'ombe? Wewe unalala unapotaka."

Nilimwambia mimi ni mtoto wa fundi wa karabai aliyekaa pale.

"Karabai ni nini?"

Nikamweleza. Aliwahi kusikia. Wavuvi sasa wanatumia taa za betri zinazochajiwa na jua, akasema, hazina mlio wala harufu, na zikiharibika zinatupwa. Nilipotazama ziwani sikuona moshi wowote. Omena walikuwa bado wameanikwa, harufu ni ileile, lakini kile kikohozi cha pampu asubuhi, taa kumi zikijaribiwa kwa pamoja mlangoni kwetu, mama akipaza sauti juu ya kelele ili mtu alete maji, hakuna masikio pale yanayokijua isipokuwa yangu.

Aliniletea kiti cha plastiki na soda. Akamtuma mtoto akamate kuku. "Na utakaa siku ngapi, mgeni wetu?" akauliza kwa upole kabisa. Ilikuwa heshima yote niliyoililia nikiwa mtoto, na ilinikaa kifuani kama mfupa. Maana nyuma yake, kando ya mlango wake, palikuwa na kaburi la Dani lililopigwa saruji, na la yule mwana mkubwa, na mtoto mdogo wa mwenyeji wangu alikuwa ameketi juu ya kaburi akila muwa bila habari yoyote. Yule mtoto hatawahi kuulizwa atakaa siku ngapi. Nilipouliza nyumba yetu ilikuwa wapi, mjukuu hakujua, lakini mimi nilipaona. Katikati ya viazi vitamu palikuwa na mwinuko mdogo wa udongo mwekundu kuliko wa pembeni. Kuta zikiachwa bila paa huyeyuka hivyo. Mvua huzishusha kidogo kidogo, na wenye ardhi hulima juu yake.

Tuliondoka pale nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyetufukuza kwa maneno. Mwana mkubwa wa Dani alikuwa na kijana wake aliyetaka kujenga, na asubuhi moja alipita mlangoni kwetu akamuuliza baba, "Fundi, safari ni lini?" Lakini hakucheka, na akabaki amesimama akingoja jibu. Baba alimaliza taa iliyokuwa mikononi mwake. Wiki hiyo alitafuta lori la kwenda Migori.

Mtu kama sisi akiondoka huchukua paa na mlango na kuacha kuta, kwa hiyo siku ya kuondoka baba alipanda juu na nyundo, akang'oa mabati moja baada ya jingine, nasi tukayapokea chini. Mwanga uliingia chumbani mwetu kutoka juu, ukaonyesha masizi ya miaka yote kwenye ukuta pale taa zilipokuwa zikipangwa. Mama alifunga sufuria kwa shuka. Dereva aliwasha injini mapema kwa sababu alihofia mvua. Dani hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa binti yake Mbita, na nadhani mwanawe alichagua siku hiyo kwa makusudi, au baba ndiye aliyeichagua, ili isiwe aibu.

Lakini mtu alimpelekea habari, na akaja. Alikuja kwa baiskeli ya kukodi, ameketi upande, kanga imemtoka kichwani, na kabla baiskeli haijasimama alikuwa ameshuka. Hakutuamkia. Alitazama nyumba isiyo na paa, akatazama lori, akamtazama baba juu yake.

"Jafuwo," akasema. Hakuwa akimwambia mwanawe. "Wewe. Ndiyo wewe uliye juu huko na masikio kama ya punda. Nani amekufukuza? Mtoto wangu akikuuliza safari, unang'oa nyumba? Mimi nimekufa? Umeniona kaburini? Miaka yote nakuamini na taa yangu na kumbe kichwani umejaza mafuta tu. Nimezaa wajinga wengi hapa, lakini wewe umewapita wote."

Wana wake walikuwa wamesimama wote, na hakuna aliyecheka. Mama aliweka sufuria chini, akajifunika uso kwa shuka, mabega yakimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na sidhani yeye alijua. Dani aliendelea kumfokea. Alimwita mvivu. Alimwita mtu asiyejua kuuliza. Alimtukana kwa Kijaluo chote alichokuwa akikizuia miaka yote ile, kile cha nyumbani, kile cha chai ya asubuhi.

Baba alikuwa amesimama juu ya lori, amekumbatia mlango wetu, akimsikiliza kama anavyosikilizwa mama. Akageuka polepole akazitazama kuta, kisha mabati yaliyofungwa kamba miguuni pake. Dereva akauliza kama tunakwenda au hatuendi. Hakuna aliyemjibu kwa muda, na huo ndio muda pekee niliowahi kuwa na kwetu mahali pale. Kisha matone ya kwanza ya mvua yakaanguka ndani ya nyumba.